Bei ya Uhakika: Michezo ya Kuigiza Wahusika na Nguvu za Wachawi Wake

Kundi la wahusika wanne limefika mbele ya mlango uliofungwa kwa kufuli. Kitabu kilicho mezani ni Players Handbook cha Advanced Dungeons & Dragons, kilichotoka mwaka 1978, na wahusika wote wako ngazi ya 3. Mwizi wa kundi, ambaye kufungua kufuli ndiyo kazi aliyoisomea, ana asilimia 33 tu ya kufanikiwa. Akishindwa, haruhusiwi kulijaribu tena kufuli lile mpaka apande ngazi. Mchawi aliyesimama nyuma yake hahitaji bahati. Kama asubuhi aliliandaa tabano la kufungulia milango, atalitamka na mlango utafunguka. Gharama yake ni kwamba tabano hilo ndilo pekee la daraja la pili analoweza kulibeba kwa siku nzima, na likishatamkwa limekwisha.

Mfano huo mdogo umebeba mgogoro ambao waandishi wa michezo hii wameuhangaikia kwa nusu karne. Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wachache huketi mezani, mmoja wao akiwa msimamizi anayesimulia dunia na kuwachezea maadui, na wengine kila mmoja akimmiliki mhusika wake. Mchezaji husema anachotaka mhusika wake afanye, na lenye mashaka huamuliwa kwa dadu. Kada za wahusika ni nyingi, lakini mgawanyo mkubwa ni mmoja. Kuna wanaotumia matabano, yaani maneno ya kichawi ambayo matokeo yake yameandikwa kitabuni, na kuna wanaotegemea upanga, mikono na ujanja.

Mabishano mengi kuhusu uwiano wa pande hizo mbili huanza na kuishia kwenye madhara: nani anaangusha maadui wangapi kwa raundi. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya hesabu. Nguvu kubwa ya tabano ni uhakika wake. Mpiganaji huomba: anaeleza anachotaka, msimamizi anapima, dadu inaamua. Mchawi hutangaza, maana kitabu kimeshasema kitakachotokea. Kwa hiyo kila kanuni iliyowahi kubuniwa ili kuwabana wachawi inaweza kupimwa kwa swali moja: inautoza uhakika huo bei gani, na bei hiyo inalipwa kweli mezani?

Uchawi uliozaliwa kama mizinga

Dungeons & Dragons ilitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson kupitia TSR, kampuni ndogo ya mjini Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Mizizi yake ni michezo ya vita inayochezwa kwa vinyago vya askari. Katika Chainmail, kitabu cha kanuni za vita vya zama za kati ambacho Gygax alikitoa mwaka 1971 pamoja na Jeff Perren, kulikuwa na nyongeza ya mambo ya kubuni ambamo mchawi alirusha mipira ya moto na radi. Kazi yake uwanjani ilifanana na ya mitambo ya kurushia mawe na mizinga: kupiga kutoka mbali na kuvunja safu za adui.

Mzinga hausumbui sana kuuwekea uwiano kwa sababu unafanya jambo moja. Unaweza kuupunguzia masafa, ukaupunguzia madhara, ukaongeza muda wa kuupakia risasi, na mambo yakakaa sawa. Ugumu ulianza pale mchawi alipotoka kwenye uwanja wa vita akaingia mapangoni na kundi dogo la watafuta hazina. Sasa alihitaji cha kufanya wakati hakuna vita, na orodha ya matabano ikapanuka: kuruka, kutoonekana, kusoma lugha ngeni, kumlainisha mlinzi, kupita ukutani. Sanduku la mwaka 1974 lilikuwa na madaraja sita ya matabano ya mchawi; mwaka 1975 nyongeza iitwayo Greyhawk ikayafikisha tisa. Karibu kila nyongeza iligusa kazi ambayo mtu mwingine kwenye kundi alikuwa akiifanya kwa jasho. Tabano la kuruka lilichukua nafasi ya mpanda kuta, na la kutoonekana likachukua nafasi ya anayenyata.

Uhaba, dawa ya kwanza

Gygax aliliona tatizo hilo mapema, na dawa yake aliitoa kwenye riwaya. Katika The Dying Earth, kitabu cha Jack Vance cha mwaka 1950, wachawi hushindilia kichwani matabano machache kwa shida kubwa, na kila linapotamkwa linafutika kwenye kumbukumbu. Mfumo huo ukawa uti wa mgongo wa mchezo. Mchawi wa ngazi ya 1 alikuwa na tabano moja kwa siku. Akilitumia saa tatu asubuhi, anashinda kutwa akiwa mtu wa kawaida mwenye kisu.

Wala hakikuwa kisu cha kutisha. Kuanzia Greyhawk, pointi zake za uhai zilitokana na dadu ya nyuso nne, yaani wastani wa 2.5, ilhali upanga wa kawaida ulipiga kwa dadu ya nyuso nane, wastani wa 4.5. Pigo moja lilitosha kummaliza. Mganga hajigangi: aliyebeba nguvu kubwa kuliko wote alikuwa hana budi kujificha nyuma ya migongo ya wenzake. Kupanda ngazi nako alicheleweshwa. Kufika ngazi ya 2 kulimtaka pointi za uzoefu kama 2,500, wakati mpiganaji alihitaji kama 2,000 na mwizi kama 1,250. Tena, akipigwa kabla hajamaliza kutamka, tabano linapotea bure.

Kulikuwa na kinga nyingine ambayo wengi huisahau. Katika matoleo hayo ya zamani, uwezo wa mtu kujinusuru na uchawi ulitegemea ngazi yake mwenyewe, haukutegemea ukali wa mchawi. Mpiganaji wa ngazi ya 17 alihitaji kupata 6 au zaidi kwenye dadu ya nyuso 20, maana yake alichomoka mara 75 katika kila 100, hata aliyemtamkia awe bingwa wa dunia. Mchawi mkubwa alikuwa na uhakika juu ya kuta na milango, lakini mbele ya shujaa aliyekomaa alikuwa akibahatisha.

Huo ulikuwa uwiano wa maisha yote ya mhusika: mnyonge mwanzoni, mtawala mwishoni. Ulidai mambo mawili ili ufanye kazi, kwanza michezo inayoendelea kwa miaka, pili vifo vingi njiani ili wachache tu wafike kileleni. Penye makundi yanayokutana kwa miezi michache kisha yakasambaratika, hesabu hiyo haikamiliki. Na hata inapokamilika, mwanzoni mwenye mchawi anakaa bila kazi, na miaka mitatu baadaye mwenye mpiganaji anakaa bila kazi. Watu wawili waliochoshwa kwa zamu hawajawekewa uwiano.

Kinga zinaondolewa moja moja

Kampuni ya Wizards of the Coast iliinunua TSR mwaka 1997, na mwaka 2000 ikatoa toleo la tatu, lililoandikwa na Monte Cook, Jonathan Tweet na Skip Williams. Kwa mambo mengi lilikuwa toleo safi kuliko yaliyotangulia. Dadu moja ya nyuso 20 iliamua karibu kila kitu, na jedwali moja la uzoefu likatumiwa na kada zote. Usafi huo lakini uling'oa boriti zilizokuwa zimeshikilia paa, na hakuna aliyezihesabu kabla ya kuzing'oa.

Kwanza, kwa kuwa jedwali la uzoefu lilikuwa moja, mchawi hakucheleweshwa tena. Pili, kukatizwa kukawa jambo la kukwepeka: mtamkaji angeweza kujihami huku akitamka kwa kutupa dadu ya ustadi, na ustadi huo ulipanda pamoja na ngazi mpaka kushindwa kukawa nadra. Tatu, uhaba ukauzwa dukani. Kila mchawi aliweza kuandika hati za matabano tangu ngazi ya 1, na hati ya tabano la daraja la kwanza iligharimu sarafu 25 za dhahabu. Fimbo yenye matamko 50 ya tabano la daraja hilo iliuzwa sarafu 750, fedha ambazo kundi la ngazi za kati lilizipata kwa safari moja. Lile tabano la kufungulia milango, ambalo zamani lilikula nafasi ya siku nzima, sasa lingeweza kukaa mkobani kwa nakala kumi.

La nne ndilo lililokuwa zito kuliko yote, nalo lilihusu kujinusuru. Namba ya kuifikia sasa ilijengwa kwa 10, kuongeza daraja la tabano, kuongeza nyongeza itokanayo na akili ya mtamkaji. Mchawi wa ngazi ya 20 mwenye alama 26 za akili alitamka tabano la daraja la tisa kwa namba 27. Mpiganaji wa ngazi hiyo hiyo alikuwa na nyongeza ya 6 tu upande wa utashi, bila kuhesabu vifaa vya kichawi na tabia zake binafsi. Alihitaji kupata 21 kwenye dadu yenye nyuso 20, hivyo kilichomwokoa ni ile 20 peke yake, ambayo kikanuni hufaulu daima. Asilimia 75 za matoleo ya zamani zikawa 5. Uhakika ambao zamani uliishia kwenye milango na kuta sasa ukawafikia hata watu.

Marekebisho ya mwaka 2003 yaliziba mianya ya wazi, kama tabano la kuongeza kasi lililokuwa likimruhusu mchawi kutamka mara mbili kwa raundi moja. Muundo wenyewe ukabaki. Wachezaji walizoea kusema kwamba kasisi au mganga wa msituni aliyejiandaa vizuri anampita mpiganaji hata kwenye kupigana, kisha jioni anaponya majeruhi.

Masharti na kafara

Nje ya mchezo huo mkubwa, waandishi wengine walifuata njia ambayo msikilizaji wa hadithi za pwani yetu ataitambua mara moja. Katika hadithi zetu nguvu haziji bure. Mganga hutoa dawa pamoja na masharti, na anayetaka utajiri wa haraka huambiwa kafara yake ni nini. Tunnels & Trolls ya Ken St. Andre, iliyotoka mwaka 1975, ilimtoza mchawi nguvu za mwili wake kwa kila tamko. Call of Cthulhu ya Sandy Petersen, mwaka 1981, ilitoza akili timamu: kila ajuaye zaidi anasogea karibu na wazimu. Shadowrun ya mwaka 1989 ilimfanya mtamkaji apambane na uchovu ambao ungeweza kumwangusha kabla adui hajaanguka. Mage: The Ascension ya mwaka 1993 ilimwadhibu anayefanya yasiyowezekana hadharani, mbele ya watu wa kawaida. Dungeon Crawl Classics ya mwaka 2012 ilichanganya yote: kila tamko ni dadu, kushindwa vibaya huuharibu mwili wa mchawi, na anayetaka uhakika zaidi anaweza kuuchoma uwezo wake wa mwili ili aununue.

Bei ya namna hii ina ladha ambayo uhaba mtupu hauna. Kuhesabu nafasi zilizobaki ni kazi ya karani, ila kuamua kama mlango huu unastahili kipande cha akili yako ni tukio la hadithi. Hata hivyo ina mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni bei ambayo mlipaji haisikii. Katika matoleo ya zamani ya Dungeons & Dragons, tabano la kuongeza kasi lilimzeesha mwaka mmoja aliyetamkiwa. Kwa binadamu wa miaka 40 huo ni uamuzi. Kwa jamii za wahusika wanaoishi karne nyingi ni kicheko. Lulu ya sarafu 100 iliyohitajika kutambua kifaa cha kichawi ilimzuia maskini wa ngazi ya 1 na haikumzuia yeyote mwingine. Mtego wa pili ni bei inayolipwa na wasiokula. Tamko likiharibika na moto ukalipukia katikati ya kundi, mwenza wa mchawi hufa kwa deni ambalo hakulikopa. Mtego wa tatu ni muda. Mhusika anayechezwa usiku mmoja tu hana sababu ya kuutunza mwili wala akili. Masharti huwabana wale tu watakaoamka kesho.

Wote wapewe kisu kimoja

Mwaka 2008 toleo la nne la Dungeons & Dragons lilikata fundo kwa shoka. Kila kada, iwe ya mchawi, mpiganaji au mwizi, ilipewa mbinu za aina tatu: za kila mara, za mara moja kwa pambano, na za mara moja kwa siku. Matabano ya kutatua shida nje ya vita yaligeuzwa kuwa ibada ndefu zenye gharama ya vifaa, ambazo mtu wa kada yoyote aliyejifunza aliweza kuzifanya. Kwa hesabu tupu, ndilo toleo lililokaribia zaidi uwiano. Wengi walilikataa, wakilalamika kwamba kada zote zina ladha moja. Mwaka 2009 kampuni ya Paizo ilitoa Pathfinder, iliyoendeleza kanuni za toleo la tatu, na umati ukaufuata mchezo wenye matatizo yale yale ya zamani kwa sababu mchawi wake alikuwa bado mchawi.

Ndani ya toleo hilo la nne kuna tukio dogo linaloeleza zaidi kuliko malalamiko yote. Mpiganaji alipewa mbinu iitwayo Come and Get It: anawachokoza maadui walio karibu, nao wanalazimika kumsogelea, kisha anawapiga wote. Hapakuwa na dadu ya kuamua kama watakuja. Ilikuwa nadra sana kwa mtu wa upanga kupewa tangazo badala ya ombi. Wachezaji wakahoji: atamlazimishaje mpiga mishale mwenye akili zake aache kilima aje kupigwa? Baadaye kanuni ikasahihishwa, na mpiganaji akatakiwa kwanza ashinde utashi wa kila adui kwa dadu. Mchawi angefanya jambo hilo hilo kwa maneno mawili, na hakuna ambaye angeuliza kwa vipi. Tunauruhusu uchawi usijieleze, lakini mwili wa binadamu tunaudai hati kila unapofanya jambo la ajabu. Sehemu kubwa ya tofauti tunayoilaumu kwenye kanuni inaanzia hapo, vichwani mwetu.

Siku ya mapambano sita

Toleo la tano, la mwaka 2014, lilirudisha nafasi za matabano kwa siku, likaongeza matabano madogo yasiyoisha, na likatoa makadirio ambayo ndiyo moyo wa hesabu yake yote. Kitabu cha msimamizi cha mwaka huo kilisema kundi la kawaida linaweza kumudu mapambano sita hadi manane ya kadiri au magumu kati ya usingizi mmoja na mwingine.

Tuijaribu hesabu hiyo kwa ngazi ya 5, tukiacha mbinu za ziada za kila upande. Mpiganaji mwenye upanga wa mikono miwili na nguvu za 18 hupiga mara mbili kwa raundi, wastani wa 11 kila pigo. Akipata mara 65 katika 100, ni kama 14 kwa raundi. Mchawi ana nafasi mbili za daraja la tatu, na mpira wa moto hupiga kwa dadu nane za nyuso sita, wastani wa 28, au nusu yake kwa anayejinusuru. Tukisema kila mpira unawapata maadui watatu na nusu ya majaribio ya kujinusuru hufaulu, mpira mmoja unaleta 63. Nafasi zikiisha, anabaki na tabano dogo la wastani wa 11, sawa na 7 hivi kwa raundi ukihesabu anayokosa.

Siku yenye mapambano sita ya raundi nne nne ina raundi 24. Mpiganaji anamaliza akiwa na 343 hivi. Mchawi anapata 126 za mipira miwili na 157 za raundi 22 zilizobaki, jumla 283, na bado ana nafasi saba za madaraja ya chini kwa ajili ya mengine. Hapo hakuna wa kulalamika. Sasa ifanye siku hiyo iwe na pambano moja tu la raundi nne. Mpiganaji anapata 57. Mchawi anapata 126 katika raundi mbili za kwanza, na nafasi saba hajazigusa.

Kanuni ni ile ile na wahusika ni wale wale. Kilichobadilika ni ratiba. Makundi mengi hucheza pambano moja au mawili kwa siku ya hadithi, kwa sababu mapambano sita hula jioni mbili au tatu za maisha halisi, na safari ya jangwani au karamu ya sultani haina nafasi ya kuyapachika. Kwa hiyo uwiano wa toleo la tano upo, ila umewekwa mikononi mwa msimamizi ambaye mara nyingi hajui kwamba ameshikishwa. Msimamizi anayewaruhusu walale kila baada ya pambano anamzidishia mchawi mshahara mara sita bila kujua.

Inafaa kutaja hapa kwamba kitabu hicho hicho cha msimamizi kina jedwali la madhara kwa wanaotaka kubuni matabano yao. Tabano la daraja la tatu linalogusa watu wengi linapendekezewa dadu sita za nyuso sita. Mpira wa moto una nane. Waandishi waliuacha uvunje kipimo chao wenyewe, na mchezo haukuanguka. Pathfinder ya pili, ya mwaka 2019, inaupa dadu sita, na wachezaji wake wanaendelea kuupenda. Dadu mbili za madhara hazijawahi kuuvuruga mchezo wa mtu yeyote.

Kuugusa uhakika wenyewe

Kinachobaki ni kanuni zinazougusa uhakika moja kwa moja, na hapa ndipo kazi nzuri ya miaka ya karibuni ilipofanyika.

Toleo la tano liliweka sharti la umakini: matabano mengi yenye kudumu yanahitaji mchawi ayashikilie akilini, na hawezi kushikilia zaidi ya moja. Akiumizwa, anatupa dadu kuona kama limemponyoka. Mchawi wa mwaka 2003 aliweza kuruka, asionekane na ngozi yake iwe jiwe kwa wakati mmoja. Wa 2014 anachagua. Hakupunguziwa nguvu hata chembe. Alilazimishwa kuamua, na uamuzi unalipwa palepale bila kungoja kesho wala kumtegemea msimamizi akumbuke. Panapokosekana sharti hilo, uharibifu huonekana upesi. Tabano la Forcecage, linalomfungia mtu kwenye kizimba bila kumpa nafasi ya kujinusuru kwanza, lilikuwa huru na sharti la umakini katika toleo la 2014. Marekebisho ya 2024 yaliliongezea.

Dawa ya maadui wakubwa haikufaulu hivyo. Joka au mzimu mkuu alipewa haki ya kugeuza kushindwa kuwa kufaulu mara tatu kwa siku. Inazuia pambano kwisha kwa tamko la kwanza, lakini inauvunja uwanja vipande viwili: wapiganaji wanakula pointi za uhai, wachawi wanakula zile haki tatu, na jasho la upande mmoja halimfai mwenzake. Pathfinder ya pili ilipata njia bora. Kila matokeo yana viwango vinne, na adui anayefaulu kujinusuru mara nyingi bado huguswa kidogo. Matabano ya kumaliza kabisa yana alama maalumu: adui ambaye ngazi yake inazidi mara mbili ya daraja la tabano hupandishwa kiwango kimoja. Mchawi haondoki mikono mitupu, na hawezi kulimaliza pambano kuu kwa neno moja. Shadowdark ya Kelsey Dionne, ya mwaka 2023, ilikwenda mbali zaidi ikafuta nafasi kabisa: kila tamko ni dadu, na ukishindwa tabano hilo limekufungia mpaka upumzike. Hapo mchawi naye anaomba, kama wenzake.

Dawa ndogo kuliko zote inafundisha kuliko zote. Katika toleo la tano, tabano la kufungulia milango bado linafungua bila kukosea, ila hutoa kishindo kikubwa kinachosikika umbali wa futi 300, kama mita 90. Uhakika haukupunguzwa. Uliwekewa bei ambayo iko ndani ya tatizo lenyewe, kwa sababu sababu ya kufungua mlango wa watu usiku ni kutotaka kusikika. Mwizi amerudishiwa kazi yake bila mchawi kunyang'anywa yake.

Nguvu za nani, kwa zamu ya nani

Kuna njia moja iliyolikataa swali zima. Ars Magica, iliyotolewa mwaka 1987 na Mark Rein-Hagen pamoja na Jonathan Tweet, yule yule ambaye baadaye angeshiriki kuandika toleo la tatu, haikujaribu kumlinganisha mchawi na mtu yeyote. Mfumo wake wa mbinu 5 na maumbo 10 unamruhusu mchawi kutunga karibu kila kitu. Uwiano ukahamishiwa kwa watu waliokaa mezani: kila mchezaji ana mchawi, ana pia mhusika wa pili wa kawaida, na walinzi wa kundi ni wa wote. Kwenye safari moja mchawi wako ndiye anayeongoza. Kwenye inayofuata anabaki maktabani na wewe unamchezea askari. Dunia inabaki na wakubwa na wadogo, na wachezaji wanabaki sawa. Njia hiyo inahitaji kundi tulivu lenye kuzoeana, lakini inathibitisha kwamba anayestahili kutendewa haki ni mchezaji. Mhusika hana malalamiko.

Toleo la tano lenyewe lina mbegu ya njia nyingine. Mwizi wake wa ngazi ya 11, kwa kanuni za 2014, akifanya jambo alilolibobea na dadu ikaonyesha chini ya 10, huhesabiwa 10. Kwa lugha nyingine, amepewa uhakika wake mwenyewe. Kufuli la kawaida halimshindi tena, hajengi hoja, haombi. Hakuna aliyelalamika kwamba hilo ni uchawi. Mfano wa mbinu ya uchokozi ya mwaka 2008 unaonyesha kwamba wachezaji huukataa uhakika wa mtu wa kawaida unapowaamulia wengine nia zao, na mfano wa mwizi unaonyesha kwamba huupokea unapokuwa tunda la ustadi wake. Kati ya mipaka hiyo kuna uwanja mpana ambao waandishi hawajaulima vya kutosha: mpiganaji asiyeweza kuvamiwa akiwa usingizini, mwindaji asiyepotea njia, mfanyabiashara anayejua daima nani anauza nini mjini. Mambo haya yakiandikwa kitabuni kama haki, hayahitaji dadu wala huruma ya msimamizi.

Anayetaka kurekebisha kanuni za meza yake, au kuandika mchezo wake, aanze na orodha ya vizuizi vyote anavyokusudia kuwawekea wachezaji: kufuli, mto uliofurika, mlinzi asiyehongeka, adui mwenye mgongo wa chuma, siri ya mtu aliyekufa. Mbele ya kila kizuizi aandike nani anaweza kukivuka bila dadu, na kwa bei gani inayolipwa kabla hadithi haijasonga. Jina la mchawi likijirudia kila mstari, na bei ikawa ni nafasi moja ya siku ambayo usingizi utairudisha, hapo ndipo penye ugonjwa, na hautatibika kwa kuupunguzia mpira wa moto dadu mbili.